Mwaka Usio na Bingwa: Kenya Open na Misururu Iliyoipitia

Katika orodha ya mabingwa wa Kenya Open, mashindano ya gofu ya wachezaji wa kulipwa yaliyoanza Nairobi mwaka 1967, mwaka 2020 hauna jina. Wanaoandika historia ya mashindano hayo hutaja kwamba hayakuchezwa, kisha huruka hadi 2021 kama mpita njia anayeruka mtaro. Si ajabu, kwa kuwa historia za taasisi huandikwa zaidi wakati wa sherehe, na sherehe haipendi mwaka mtupu. Hata hivyo, anayetaka kujua Kenya Open ni kitu gani hasa, na kwa nini imeishi zaidi ya nusu karne wakati ndugu zake kadhaa barani wamesahaulika, hatapata ushahidi bora kuliko miezi kumi na miwili iliyo kati ya Machi 2020 na Machi 2021. Hoja yangu ni kwamba korona ilitenganisha vitu viwili tulivyozoea kuviona kama kimoja: mashindano yenyewe, ambayo ni mali ya mahali, na msururu wa kimataifa unaoyapitia, ambao hauna kwao. Msururu ulikatika. Mashindano yalingoja, na yaliporudi, msururu ndio uliokuwa na shida nayo zaidi.

Tuanze na umri wake. Kenya ilikuwa bado changa katika uhuru wake pale Mwingereza Guy Wolstenholme alipotwaa taji la kwanza katika uwanja wa Muthaiga. Mwenzake Maurice Bembridge alishinda 1968 na 1969, akarudi kulitwaa tena 1979. Enzi hizo Kenya Open ilikuwa sehemu ya kile kilichoitwa Safari Circuit: wachezaji wa Ulaya, viwanja vyao vikiwa vimelowa na kuganda kwa baridi, walishuka Afrika kucheza Nigeria, Zambia, Côte d'Ivoire na Kenya, kisha wakarudi kwao hali ya hewa ilipotengemaa. Tusiite huo ukarimu. Ilikuwa ajira ya miezi ya baridi. Lakini kati ya waliokuja kutafuta ajira hiyo alikuwemo kijana wa Kihispania, Seve Ballesteros, aliyeshinda Nairobi mwaka 1978 na kutwaa British Open mwaka uliofuata akiwa na miaka 22. Alikuwemo pia Ian Woosnam wa Wales, mshindi wa 1986, ambaye miaka mitano baadaye alivalishwa koti la kijani la Masters kule Marekani. Safari Circuit ikafifia. Mwaka 1991 Kenya Open ikaingia katika Challenge Tour, daraja la pili la Ulaya, na ikabaki huko hadi 2018. Wapo waliosema imeshushwa hadhi, na kwa hesabu ya fedha walikuwa sawa. Ila katika miaka hiyo hiyo ya kushushwa alipita Trevor Immelman wa Afrika Kusini, bingwa wa 2000 aliyekuja kushinda Masters mwaka 2008, na akapita Aaron Rai, Mwingereza ambaye mama yake alikulia Kenya, bingwa wa 2017. Mwaka 2019 ikapandishwa hadi European Tour yenyewe, ikachezwa Karen Country Club kwa zawadi ya jumla ya yuro milioni 1.1. Guido Migliozzi wa Italia alishinda kwa mkwaju mmoja dhidi ya watatu waliolingana nafasi ya pili. Mmoja wa hao watatu ni Justin Harding wa Afrika Kusini, na nitamrudia.

Hesabu hapo ni misururu mitatu katika miaka 52. Wafadhili nao wamepokezana: mara Tusker Kenya Open, mara Barclays, na tangu 2019 Magical Kenya, jina ambalo Kenya hujitangazia kwa watalii. Mji umekuwa ule ule, viwanja vikuu ni viwili au vitatu vya mji huo, na majira mara nyingi ni yale yale ya mwanzo wa mwaka. Mtu angeweza kuona ukweli huo hata bila gonjwa. Tatizo ni kwamba mambo yanapokwenda vizuri, msururu na mashindano huonekana mwili mmoja, na sifa zote huenda kwa mwenye televisheni.

Sasa tazama wiki ya kwanza ya Machi 2020. European Tour ilikuwa Doha, Qatar, ambako Mhispania Jorge Campillo alishinda tarehe 8 baada ya mashimo ya ziada. Mwisho wa wiki huo huo Asian Tour, msururu mkuu wa bara la Asia, ulikuwa Malaysia, ambako mvua ilipunguza mashindano yakawa ya mashimo 54 badala ya 72, na Mmarekani Trevor Simsby akaibuka mshindi. Foleni ilikuwa imepangwa: kutoka Doha wachezaji wapande ndege kwenda Nairobi, waanze kucheza Karen tarehe 12 Machi, kisha waelekee India. Mashindano ya Malaysia na China yaliyopangwa Aprili yalikuwa yamekwisha kuahirishwa. Halafu tarehe 6 Machi serikali ya Kenya ikasimamisha mikutano na mikusanyiko ya kimataifa kwa siku 30, na siku hiyo hiyo Kenya Open ikaahirishwa. Wakati huo hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa nchini. Mgonjwa wa kwanza alithibitishwa usiku wa tarehe 12, siku ambayo mpira wa kwanza ungepigwa Karen, na taifa likatangaziwa kesho yake. Ningependa msomaji ashike jambo moja hapo: aliyezima ni nchi mwenyeji. Msururu ulitii. Mwenye uwezo wa kufunga mlango ndiye mwenye nyumba, hata kama kwa siku nyingine zote mgeni ndiye anayesikika akizungumza sebuleni.

Gofu ya aina hii ina udhaifu ambao kabumbu haina. Huku Kongo, ligi kuu ya kabumbu, Linafoot, ilipokatizwa msimu ule, jedwali lilikuwepo. TP Mazembe waliokuwa wakiongoza wakatangazwa mabingwa, na ubishi uliofuata ulikuwa wa kawaida. Mashindano ya wazi ya gofu hayana jedwali la kuangukia. Huchezwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, na kabla ya mkwaju wa kwanza wachezaji wote zaidi ya mia moja wako sawa. Ukikosa wiki hiyo umekosa mwaka mzima. Ndiyo sababu nafasi ya 2020 haikujazwa kwa uamuzi wa mezani, na ndiyo sababu pia taasisi ya namna hii hutegemea mno mahali pake katika kalenda. Walijaribu kuisogeza hadi Novemba, Novemba ikafika na mchezo haukuwepo. Kwa kweli Novemba ingekuwa mwezi wa mashaka hata bila korona, maana ndio wakati wa vuli, na viwanja vya Nairobi havina urafiki na mvua. Machi, kabla masika hayajashika, ulikuwa umechaguliwa na hali ya hewa kabla ya kuchaguliwa na msururu wowote.

Kilichotokea Asia katika miezi hiyo ndicho kipimo kizuri zaidi. Asian Tour haukucheza tena tangu ile mvua ya Malaysia hadi tarehe 25 Novemba 2021, ulipofufuka Phuket, Thailand: zaidi ya miezi ishirini bila mashindano hata moja. Msimu ulioanza Januari 2020 ukaja kufungwa Januari 2022, na taji la msimu huo likaenda kwa kijana wa Korea Kusini, Joohyung Kim. Kwa nini ukimya mrefu hivyo, wakati European Tour ilikuwa imerudi uwanjani Julai 2020 huko Austria? Fedha ni sehemu ya jibu, lakini jibu kubwa ni mipaka. Asian Tour unaishi kwa kuvuka mpaka kila wiki: leo Singapore, kesho Taiwan, keshokutwa India. Kila serikali ilipoweka karantini yake, msururu ulibaki na orodha ya nchi zisizofikika. Ilhali Korea, yenye msururu wake wa ndani, ilianza kucheza Julai 2020, na Japani ikacheza Japan Open yake Oktoba mwaka huo. Wachezaji walikuwa Asia, viwanja vilikuwa Asia, ugonjwa ulikuwa mmoja. Waliocheza ni wale ambao mashindano yao yalikuwa na kwao.

European Tour iliponea kwa kuiga hali hiyo. Badala ya kuzunguka ilijifungia: mashindano sita mfululizo ndani ya Uingereza na Wales, mawili kati yake katika uwanja ule ule wa Celtic Manor, wachezaji wakipimwa na kutengwa na umma. (Oktoba ya mwaka huo Aaron Rai akashinda Scottish Open, na wachache walikumbuka kwamba alikuwa amepitia Nairobi.) Kwa hiyo ilipofika Machi 2021, na sehemu kubwa ya Asia bado imefungwa, msururu huo ulikuwa ukitafuta nchi moja, mji mmoja na uwanja mmoja ambao ungeweza kuwapokea wachezaji kwa wiki mbili bila kuwahamisha. Nairobi ilikuwa na vyote hivyo. Kenya Open ikachezwa Karen tarehe 18 hadi 21 Machi, bila watazamaji, na Justin Harding akamaliza mikwaju 21 chini ya kiwango cha uwanja, mbele ya Mmarekani Kurt Kitayama kwa mikwaju miwili. Alikuwa amekosa kwa mkwaju mmoja pale pale mwaka 2019. Siku mbili baadaye, Jumanne, uwanja huo huo ukafungua mashindano mengine, Kenya Savannah Classic, yaliyoisha Ijumaa tarehe 26. Mwafrika Kusini mwingine, Daniel van Tonder, alishinda katika mashimo ya ziada. Aliyeshindwa ni Jazz Janewattananond wa Thailand, na huyu ndiye ushahidi ninaoupenda kuliko wote: alikuwa bingwa wa msimu wa Asian Tour wa 2019. Msururu wake ukiwa umelala, bingwa wa Asia alikuja kutafuta kazi Nairobi.

Kuna watakaosema kwamba haya yote yalikuwa bahati. Wana ushahidi, na ni mzito. Jioni ya Ijumaa hiyo hiyo ya tarehe 26 Machi, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa kaunti tano, Nairobi ikiwemo, baada ya kiwango cha wanaopatikana na virusi kufika asilimia 22 ya waliopimwa. Wiki mbili baadaye, tarehe 9 Aprili, Uingereza ikaiingiza Kenya katika orodha yake nyekundu, maana yake mchezaji anayeishi Uingereza angerudi kwao kwa siku kumi za kufungiwa hotelini. Mashindano yangepangwa wiki moja baadaye tu, 2021 nao ungekuwa mwaka usio na bingwa. Siwezi kukana hilo. Lakini bahati ya tarehe haikushuka tu kutoka mbinguni. Tarehe hizo zilikuwa za Kenya Open kwa desturi, zikilindwa na waandaaji wa Nairobi kupitia misururu mitatu, na uwanja uliotumika ndio uliokuwa umeandaliwa kwa ajili ya 2020. Anayebahatika ni yule aliyekwisha kuwa tayari wakati mlango unafunguliwa kwa siku kumi. Asian Tour ulikuwa na wachezaji hodari na wafadhili wa miaka mingi; ulikosa mlango wake mwenyewe.

Pingamizi la pili ni la werevu zaidi: kwamba Savannah Classic inaonyesha kinyume cha ninachodai, kwa sababu iliundwa na msururu, kwa haja ya msururu, na Kenya ikawa pango la kujikingia mvua. Nakubali nusu ya kwanza. Mashindano yale yalizaliwa ili wachezaji wapate wiki ya pili ya mshahara bila kupanda ndege. Ila angalia yalivyoishia. Hayakurudi 2022, wala hakuna aliyeyalilia. Yalikuwa na uwanja ule ule, wachezaji karibu wale wale, bingwa halali, hata jina zuri la kitalii, na bado yakatoweka bila kuacha pengo, wakati Kenya Open ilirudi Muthaiga Machi 2022 kana kwamba haijawahi kuondoka, Ashun Wu wa China akawa bingwa. Wakati huo European Tour yenyewe ilikuwa imebadili jina na kuitwa DP World Tour. Mwaka uliofuata akashinda Jorge Campillo, yule yule aliyeshinda Doha wiki foleni ilipokatika.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi hapa kwetu Ituri, mashariki mwa Kongo, na lina haki ya kusikilizwa. Msomaji wa Gety au Bunia atauliza: gofu ya matajiri wa Nairobi inatuhusu nini? Machi 2020, wakati wachezaji wa Karen wanaambiwa wasije, Ituri na Kivu Kaskazini zilikuwa bado hazijatangazwa kuwa huru kutokana na Ebola. Mlipuko ule ulioanza Agosti 2018 ulifungwa rasmi tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Watu waliokuwa wakinawa kwa maji ya klorini kila kizuizi cha barabara, na wengine waliokimbia mapigano ya Irumu, hawakuwa na nafasi ya kuhuzunikia mpira mweupe. Isitoshe, fedha ya umma imetumika Kenya kuipandisha Kenya Open hadi European Tour, na nchi yoyote yenye hospitali zinazolia ina wajibu wa kujibu kwa nini. Jibu la utalii, kwamba picha za Karen huleta wageni kwenye mbuga, mimi naliona dhaifu: mwaka 2021 picha zilirushwa duniani kote na wageni waliokuja walikuwa wachache, maana safari zilikuwa zimebanwa.

Jibu linaloniridhisha zaidi linahusu kazi. Nyuma ya kila mchezaji kuna mbeba mifuko anayelipwa kwa raundi, na raundi isipochezwa hakuna kitu. Kuna wakata nyasi, wapishi, walinzi, madereva, na kuna wachezaji wa kulipwa wa Kenya na nchi jirani ambao wiki hiyo moja huwapa nafasi ya kupigania malipo ambayo mashindano ya nyumbani hayawezi kutoa. Hao ndio waliobeba 2020. Wachezaji wa Ulaya walipata Austria na Wales ndani ya miezi michache. Mbeba mifuko wa Karen hakupata Wales. Ituri tunaijua hesabu hiyo vizuri. Soko likifungwa kwa sababu ya ugonjwa au ya bunduki, mfanyabiashara mkubwa huhamishia mali Kampala, na mwenye meza hubaki na meza yake. Kwa hiyo ninaposema mashindano ni mali ya mahali, sisemi kwa kujivuna. Ukweli huo unaonyesha pia nani hulipa gharama mahali panapofungwa. Taasisi inayostahili kuadhimishwa ingeandika jambo hilo katika historia yake, ukurasa ule ule wenye picha za Ballesteros.

Na hapa linaingia pingamizi la mwisho, ambalo sina jibu lake kamili. Ikiwa Kenya Open ni ya Kenya, mbona haijawahi kuwa na bingwa Mkenya? Tangu Wolstenholme hadi Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini aliyeshinda 2025, hakuna. Sababu zipo: viwanja vilijengwa kwa ajili ya walowezi, Waafrika wengi waliingia kwa mlango wa kubeba mifuko, na mchezaji anayecheza dhidi ya wenye nguvu mara moja kwa mwaka hawezi kuwashinda wanaocheza nao kila wiki. Waandaaji walilikiri hilo mwaka 2018 walipoanzisha Safari Tour, mlolongo wa mashindano ya ndani ya ukanda unaowapa wachezaji wa hapa mechi za kutosha na tiketi za kuingia Kenya Open. Hilo ni jambo jema kuliko sherehe zote, na limeanza zikiwa zimepita miaka 51. Kosa la taasisi liko hapo, si katika mwaka wa korona: ililinda tarehe na uwanja kwa bidii, ikachelewa mno kuwalinda wachezaji wake. Jacob Okello bado ndiye aliyekaribia zaidi. Mwaka 1998 alilingana na Ricardo González wa Argentina baada ya mashimo yote 72, akashindwa katika mashimo ya ziada.